Maji Yasiyoshuka

Msusi alifunua kasha la kwanza, akalifunika. Akafunua la pili, akalifunika kwa kishindo. La tatu hakulifunua kabisa, kwa sababu harufu ilikwisha kumjibu kabla hajauliza. Ilikuwa harufu ya mtaro, na chumba kizima kilikuwa kimeanza kuivaa. Mizizi ya letusi zake ilikuwa imegeuka kahawia, imegandamana, inateleza kama kamasi. Na yeye alikuwa amefanya kila alichoambiwa afanye. Hilo ndilo lililomkera kuliko harufu yenyewe. Mtu akizembea akala hasara, basi, atajilaumu na yatakwisha. Lakini mtu ajinyime, ajitume, asimame dede juu ya miche kama mkunga, halafu mizizi imuozee mbele ya macho yake? Hapo mtu anaanza kujiuliza amemkosea nani.

Watu waliendelea kumwita Msusi ingawa alikuwa hasuki tena. Baridi yabisi ilimwingia vidoleni, viungo vikavimba, na msusi asiyeweza kushika nywele tatu kwa mpigo ana kazi gani saluni? Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Viti vya kuzunguka aliviuza, vioo akaviacha ukutani, na chini ya vioo akapanga makasha ya plastiki yenye kina, meusi, ya kupandia letusi ndani ya maji. Wazo lilikuwa zuri. Tatizo la vile vioo ni kwamba letusi zikinyauka, alikuwa anaziona zikinyauka mara mbili.

Kilimo chenyewe hakikuwa na udongo hata chembe. Kila mche ulikaa kwenye kikombe chenye matundu, vikombe vikachomekwa kwenye kifuniko cha kasha, mizizi ikaning'inia kwenye maji yaliyochanganywa na mbolea. Pampu ndogo ilisukuma hewa kupitia mpira mwembamba mpaka kwenye kijiwe kilichozamishwa chini, na kijiwe kikawa kinatoa mapovu usiku na mchana. Mapovu hayo ndiyo pumzi ya mizizi. Muuza pampu, bwana mmoja mnene mwenye subira ya ajabu, alimweleza habari hiyo dukani kwake taratibu, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda kwake. Mzizi, alisema, unaweza kufa kwa kukosa pumzi huku umezungukwa na maji tele. Tena akamwonya kuhusu umeme. Umeme wao ulikuwa na tabia ya kwenda kutembea kila mchana na kurudi ukijisikia, na pampu bila umeme ni kopo tu.

"Kwa hiyo ukipanda, maji yaguse vikombe," alimwambia. "Baada ya hapo usiongeze. Mimea inakunywa, maji yanashuka yenyewe, na mizizi ya juu inabaki wazi kwenye ule unyevu, inavuta hewa. Hiyo nafasi kati ya maji na kifuniko ndiyo akiba yako. Pampu ikizima, mimea inapumulia hapo."

Msusi alielewa. Alirudi nyumbani, akajaza makasha, na kwa rangi nyekundu ya kucha iliyobaki saluni akachora mstari ndani ya kila kasha, pale maji yalipofika siku ya kwanza. Alitaka aone jinsi yatakavyoshuka.

Hayakushuka.

Hiyo ilikuwa ni mara yake ya pili kupanda, na mara ya kwanza tusiiseme sana. Tuseme tu kwamba alipoona mizizi imeanza kupata weusi, mkono wake ukakumbuka kazi yake ya zamani. Aliing'oa miche mmoja mmoja, akaiosha mizizi kwenye sinki la kuoshea wateja, akaichana kwa kitana cha meno mapana, na kwa kuwa kwenye kabati kulikuwa na dawa ya kupausha nywele, akaona aitie kidogo. Mizizi ikawa myeupe pe. Ikang'aa siku nzima, akamwita hadi jirani aje kuona. Kesho yake majani yalikuwa yamelala chali. Muuza pampu aliposimuliwa alifunga macho kwa muda, akasema, dada yangu, hizi si nywele.

Kwa hiyo mara hii Msusi alijiapiza kutogusa kitu. Kila asubuhi alifunua vifuniko, akatazama mstari wake mwekundu, na kila asubuhi maji yalikuwa pale pale kwenye mstari, yametulia, yanamtazama. Mimea hainywi, akajisemea. Mmea usiokunywa ni mgonjwa. Na kweli mizizi ikaanza kupoteza weupe, majani yakafifia, na kila umeme ulipokatika mchana yakalegea zaidi. Alinunua pampu nyingine yenye nguvu kuliko ya kwanza. Akabadilisha vijiwe. Akafunga mapazia ili jua lisipashe maji joto, akakaa gizani kama mwizi ndani ya chumba chake mwenyewe. Akamwaga maji yote ya kasha la tatu, akalisugua, akaanza upya mpaka kwenye mstari. Baada ya siku chache maji yalikuwa bado kwenye mstari. Alimpigia simu muuza pampu mara nyingi hata yule bwana wa subira akaanza kuchelewa kupokea.

"Maji lazima yashuke, dada," alimwambia mara ya mwisho. "Hata bila mmea, kuna joto, yanapungua. Una hakika unatazama vizuri?"

Msusi alikata simu. Kwa nini kila mtu akishindwa kukujibu anakuuliza kama una macho?

Na hakuwa na nafasi ya kushindwa mara ya pili. Kaka yake mkubwa alikwisha kumpata mpangaji wa chumba kile, fundi simu aliyekuwa tayari kuhamia hata leo. Kaka hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ile tabia ya watu wanaoishi mbali na nyumba ya mama yao, ya kuja Jumapili na kupanga mambo ya Jumatatu mpaka Jumamosi. Alisimama mlangoni na kuziba pua. Aliuliza kama mdogo wake anafuga letusi au vyura. Mama, ambaye nyumba ilikuwa yake na neno la mwisho lilikuwa lake, alisema Kaka angoje mdogo wake avune kwanza. Kaka akakubali, lakini kwa sharti: mavuno haya yakifa, fundi simu anaingia. Mama hakujibu, na katika nyumba ile Mama asipojibu maana yake amekubali. Chumba kikienda, Msusi angebaki na nini? Mchana alikuwa akienda saluni ya mwenzake kukaa mapokezi, kuandikisha wateja wa vidole vya wengine. Hiyo haikuwa kazi. Alikuwa kama picha yake mwenyewe ya zamani iliyotundikwa ukutani.

Mteja alikuwa naye. Mpishi wa hoteli moja mjini alimwambia atachukua letusi zake zote, ila azipate zikiwa hai, na mizizi yake, ili aziweke kwenye glasi mbele ya wageni wazione zikichumwa. Mpishi huyo hakutazama majani. Alishika kikombe, akakigeuza, akatazama chini. Mizizi ikiwa myeupe nachukua, alisema, ikiwa na rangi ya chai usinisumbue.

Sasa ilikuwa na rangi ya chai, tena ile chai ya rangi isiyotiwa maziwa.

Siku hiyo ya harufu, Msusi alikwenda saluni ya mwenzake kama kawaida, lakini kichwa kilimgonga hata akakosea majina ya wateja wawili, mmoja wao mkali. Mwenzake alimhurumia, akamwambia nenda ukalale. Alirudi nyumbani mchana wakati ambao hakuwahi kurudi. Umeme ulikuwa umekatika, mtaa mzima kimya, hakuna redio wala feni. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi kidogo.

Ndani, Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni juu ya khanga iliyokunjwa. Mama mwenye magoti mabovu, ambaye kuinuka kutoka kwenye kiti tu kulimtaka ataje majina ya marehemu wote wa ukoo. Alikuwa ameinua pembe ya kifuniko kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa anamimina maji kutoka kwenye jagi, taratibu, bila kutoa sauti, ameinamisha shingo ili aone vizuri. Alipofika kwenye mstari mwekundu alisimamisha jagi. Akaliongezea kasha tone moja la mwisho. Akatabasamu.

Msusi alisimama pale mlangoni. Kila kitu kilikuwa kinajipanga chenyewe kichwani mwake: pampu mbili, vijiwe, mapazia, simu zote zile.

"Mama," alisema, "unafanya nini?"

Mama alishtuka kidogo, kisha akaona hakuna haja ya kuficha. Akafunika kasha, akapangusa tone lililomwagika pembeni kwa pindo la khanga. Alieleza bila haraka. Aliona siku ya mwanzo kabisa mwanawe amechora mstari wa maji. Kesho yake mchana akapita pale, akaona maji yameshuka kidogo chini ya mstari, na mwenyewe yuko kazini. Akajaza. Mchana uliofuata yako chini tena. Akaelewa kwamba binti yake anasahau, maana tangu vidole vimsumbue amekuwa mtu wa mawazo, na mtu wa mawazo husahau. Akaamua awe anajaza kila mchana, kimya kimya.

"Sikutaka ujue kwamba umesahau," Mama alisema. "Una mengi. Hili niliona nikubebee."

Na maji alikuwa anayatoa wapi? Hapo Mama alijisifu kidogo. Ieleweke kwamba katika nyumba ile maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa wiki, asubuhi, na tangu Msusi akiwa mtoto Mama ndiye aliyekuwa askari wa maji. Bomba likikohoa tu, yeye yuko wima. Madumu, ndoo, masufuria, birika, hata vikombe, vyote vilijazwa mpaka ukingoni, kwa sababu Mama hakuweza kulala ndani ya nyumba yenye chombo kilichopungua. Mwanawe alikua akiamini kila nyumba iko hivyo. Sasa maji ya makasha yalitoka kwenye fungu la Mama mwenyewe.

"Naoga nusu ndoo," alisema. "Inatosha. Mzee kama mimi ana uchafu gani?"

Mtu mwema, mtu mwenye moyo wa kawaida, angepiga magoti pale akamkumbatia mama yake. Msusi baadaye aliwaza hivyo. Lakini siku hiyo alikuwa amechoka, kichwa kinagonga, harufu ya mtaro iko puani, na maneno yalimtoka kabla hajayapima. Alimwambia mama yake kwamba ameiua mimea. Alivuta kifuniko, akashika kishada cha mizizi kikanyooka na kuchuruzika, akakiweka mbele ya uso wa mama yake. Alimwambia haya ndiyo uliyonibebea. Alimwambia kwamba mizizi ilikuwa inatakiwa ipumue, kwamba mstari haukuwa wa kujazia, ulikuwa wa kutazama maji yakishuka, kwamba kila jagi lilikuwa linafunika pua za mimea, na mchana umeme unapokatika inakosa pa kuvutia pumzi, inakufa.

"Kwani lazima ujaze kila kitu?" alisema. "Huwezi kuona nafasi ikakaa tu, hata mara moja? Maisha yangu yote nazama humu ndani."

Mama alitazama mizizi. Aliishika kwa vidole viwili, akanusa, akarudisha mkono. Kisha aliinuka kwa kushika ukingo wa kasha, hakutaja marehemu hata mmoja, akachukua jagi lake na khanga yake akaenda chumbani kwake.

Jumapili Kaka alikuja na fundi simu, na fundi simu alikuja na futi ya kupimia ukuta. Msusi alikuwa amekwisha kata mizizi yote iliyooza, amebakiza ile michache yenye uhai, amemwaga maji na kujaza upya mpaka kwenye mstari. Miche ilionekana kama kuku waliotoka kunyonyolewa. Kaka alitazama, akatikisa kichwa kwa huruma iliyojaa furaha, akasema basi, jamani, tumejaribu. Fundi simu akafungua futi.

Mama aliingia akiegemea ukuta. Hakukaa.

"Kunja hiyo futi, mwanangu," alimwambia fundi simu. Halafu akamgeukia Kaka. "Hii mimea sikuiacha ipumue. Niliizamisha mimi, kwa mkono wangu, kila siku. Mtu hahukumiwi kwa mavuno aliyoharibiwa na mwenziwe. Chumba ni chake mpaka avune."

Kaka alitaka kusema kitu kuhusu busara na kuhusu nyumba inavyohitaji kuendeshwa. Mama alimtazama tu. Fundi simu, ambaye alionekana mtu mwenye adabu zake, alikwisha kukunja futi na kuomba radhi kwa usumbufu. Msusi alitaka kumshukuru mama yake, lakini Mama alikuwa amekwisha geuka, anarudi chumbani kwake.

Nyumba ikawa na ukimya wa adabu. Mama alisalimia, alijibu, alikula. Msusi alijaribu kumchekesha kwa habari za wateja wa saluni, akajibiwa "aha". Alinunua dawa ya magoti, akaambiwa asante. Mama hakuwa amenuna; angenuna, Msusi angejua pa kushika. Alikuwa tu kama mgeni anayeogopa kugusa vitu vya watu.

Lakini letusi, ah. Maji yalishuka. Siku ya kwanza yalishuka kidogo, chini ya mstari, na Msusi akakaa mbele ya kasha kama anayetazama sinema. Yakashuka tena, ikapatikana nafasi ya upana wa vidole vinne kati ya maji na kifuniko, na kwenye nafasi hiyo, kutoka kwenye visiki vya mizizi aliyoikata, ikatoka mizizi mipya, mifupi, yenye vinyweleo, myeupe bila dawa ya mtu yeyote. Umeme ulikatika mchana mzima na majani hayakutikisika. Alimpigia simu muuza pampu kumwambia, na yule bwana akacheka kwa sauti mpaka naye akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mpishi alikuja mwenyewe asubuhi moja kabla ya kwenda kazini. Aligeuza kikombe, akatazama chini, akageuza kingine. Akasema niletee zote keshokutwa, na panda nyingine.

Msusi alimsindikiza hadi barabarani, akarudi anatembea haraka kama msichana. Alitaka Mama awe wa kwanza kusikia. Alipita moja kwa moja hadi jikoni kunawa mikono, akafungua dumu, akaliinamisha. Hakikutoka kitu. Akashika la pili, likainuka jepesi hata karibu limpige usoni. Ndoo zote zilikuwa zimepangwa ukutani, safi, kavu. Birika lilikuwa tupu. Akafungua bomba la jikoni, likatoa pumzi tu. Hapo akakumbuka kwamba ilikuwa siku ya maji; alfajiri, kabla mpishi hajafika, alisikia bomba la uani likikohoa, akalisikia na kulisahau, kwa sababu katika maisha yake yote hajawahi kuhitaji kulikumbuka.

Mama alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, karibu na bomba hilo, mikono juu ya magoti. Ni wazi alikuwa pale tangu lilipoanza kukohoa.

"Mama, maji yametoka?"

"Yametoka. Yametoka vizuri sana leo."

"Na hukujaza?"

Mama alitazama madumu kupitia mlango wa jikoni, moja moja, kama anayetafuta lipi la kulisingizia.

"Nilikaa nikawaza," alisema. "Sikujua kipi kinataka kujazwa na kipi kinataka kupumua. Nikaogopa kukuharibia tena."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli. Habari ya mpishi aliyokuwa ameibeba kwa mbio ilimkaa mkononi kama mzigo wa mtu mwingine. Chumba kilikuwa chake. Mizizi ilikuwa myeupe. Na nyumba nzima haikuwa na maji ya kumpikia mama yake chai, isipokuwa yale ya kwenye makasha, ambayo hayanyweki.

Alichukua ndoo kubwa kuliko zote ili akaombe kwa jirani. Alipofika mlangoni akarudi, akachuchumaa mbele ya kigoda, akamwambia mama yake kwamba maji yakitoka tena ajaze kila kitu, kila dumu, kila kikombe, mpaka yamwagike sakafuni. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akampapasa bega kama unavyompapasa mtoto wa jirani.

"Utanionyesha," alisema. "Utanichorea mstari kwenye kila kimoja, ili nijue."